Pole 97, mgeni mmoja

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa, mguu juu ya stuli, kwa hiyo muda ninao. Wiki tano zilizopita nilipanda ngazi kubadilisha taa ya barazani, ngazi ikateleza, nami nikashuka nayo. Kifundo cha mguu kikavunjika mahali pawili. Nimefungwa plasta ngumu hadi chini ya goti na natembelea magongo. Mume wangu kazi yake iko mbali, hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Watoto wako bweni. Niko mimi na simu.

Sasa, mimi ndiye admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Nililianzisha mwenyewe miaka sita iliyopita tukiwa watu kumi na mmoja; leo tuko 164. Nimelilea kama mtoto. Mimi ndiye ninayewakemea wanaotuma matangazo ya biashara usiku wa manane, mimi ndiye msuluhishi wa ugomvi wa magari yanayoziba njia, mimi ndiye niliyeandaa orodha ya siku za kuzaliwa. Mtu akiumwa, mimi ndiye wa kwanza kuandika.

Siku niliyovunjika nilituma picha ya mguu kutoka hospitalini, na emoji ya kucheka ili watu wasishtuke. Pole zikamiminika. Usiku ule maumivu yalininyima usingizi, nikazihesabu: 97. Mioyo, maua, sala, stika ya dubu aliyefungwa bendeji. Sikufichi, nililia kwa furaha. Nikawajibu wote kwa pamoja: "Asanteni sana majirani, niko vizuri, msijali, sihitaji kitu chochote." Nikalala nikijua kesho yake mlango hautapumzika.

Ulipumzika. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nawaona dirishani wakipita, vichwa chini, wakiandika. Siku ya nne jirani mmoja aliuliza kwenye grupu, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" akiwa amesimama nje ya geti langu. Nilimwona kwa macho yangu. Nikaandika "Naendelea vizuri", akaweka dole gumba, akaenda zake.

Aliyekuja ni mmoja, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kwenye grupu kuna bwana mmoja ambaye kisirisiri tunamwita Herufi Kubwa. Kila anachoandika ni kwa kelele: "NANI AMEACHA GARI MBELE YA GETI." "MBWA WA NANI HUYU." Nimemtoa mara mbili, nikamrudisha shingo upande baada ya watu kumwombea. Siku ya sita alibisha hodi amebeba kiti cha plastiki. Hakuwa na maneno mengi. Alisema naye aliwahi kuvunjika mguu, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba mtu hawezi kuoga amesimama kwa mguu mmoja. Akakiweka kiti bafuni. Wakati wa kutoka akatazama juu, akasema, "Taa yako haijawaka tangu siku ile," akachukua ngazi ileile iliyoniangusha, akaibadilisha. Nikamtania kuhusu herufi zake. Akasema ndogo hazioni.

Tangu hapo amekuja mara nne. Mtu niliyemfukuza!

Kuna na rafiki yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa, tunaandikiana kila siku ya Mungu kwa miaka. Kila asubuhi ananiandikia "umeamkaje mpenzi" na mioyo. Naye hajaja. Lakini nadhani ana shughuli.

Mume wangu anasema intaneti imeua ujirani, nilifunge hilo grupu tumalizane nalo. Dada yangu anasema nakuza mambo, watu wa siku hizi ndivyo walivyo, na pole ni pole. Mimi nimeshaanza mara tatu kuwatoa mmoja mmoja hadi nibaki peke yangu, kisha nikasita. Nilifunge? Nijitoe kimyakimya wajiendeshe? Au niendelee kuwahudumia watu 163 ambao wakati wa shida hawaonekani?

Mwenye Magongo

*

Marahaba mwanangu, na pole. Hiyo ni ya 98, nami pia sijabisha hodi kwako, kwa hiyo nihesabu pamoja na wenzangu.

Nianze na litakalokuudhi. Uliwaandikia majirani zako kwamba hutaki kitu. Tena kwa maneno yasiyoacha upenyo: uko vizuri, wasijali, huhitaji chochote. Juu yake ukaweka picha ya mguu na uso unaocheka. Kisha ukalala ukiwasubiri.

Najua kwa nini uliandika hivyo. Ni adabu tuliyolelewa nayo, mgonjwa hajitangazi. Lakini adabu hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wanaoonana. Ukisema "niko vizuri" huku umeshikilia fremu ya mlango, uso umekupauka, na nyuma yako vyombo vya siku tatu vimejaa kwenye sinki, mgeni hakusikilizi. Anakupita anaingia ndani. Maneno yako anayasikia, ila macho yake yanamwambia vingine, na anayaamini macho. Kwenye simu macho hayapo. Watu 163 walipokea neno lako peke yake, wakaliamini, na baadhi yao, nina hakika, walishukuru kwamba unaendelea vizuri. Yule aliyesimama getini kwako na simu mkononi alikuuliza, ukamjibu "Naendelea vizuri". Alitakiwa afanye nini? Angeweza kubisha, ni kweli. Nawe ungeweza kuandika, "Niko dirishani, nakuona, ingia."

Hilo ni nusu yako. Nusu yao nayo ipo.

Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio walilofanya New York, ambalo nikilisoma leo naona kama walikuwa wanalichungulia grupu lako. Kila mwanafunzi aliwekwa chumbani peke yake, akazungumza na wenzake kwa kipaza sauti na vipokea sauti vya masikioni bila kuwaona. Katikati ya mazungumzo, mmoja anaanza kukwama maneno, anahema, anaomba msaada kana kwamba kifafa kimempanda. Sauti hiyo ilikuwa imerekodiwa, lakini msikilizaji hakujua. Miongoni mwa walioamini kwamba wanaomsikia mgonjwa ni wao tu, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, waliotoka ni asilimia 31.

Watu wanne tu. Wewe uliwaambia 163.

Na usidhani waliobaki chumbani walikuwa na mioyo ya mawe. Mtafiti alipoingia aliwakuta wengi wao wanatetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama yule mwenzao yuko salama. Kila mmoja aliumia kivyake, akidhani kuna aliyeshakwenda. Sasa fikiria mtu wa nyumba ya kumi na nne anafungua simu na kukuta pole themanini zimetangulia. Anaona nini? Anaona nyumba iliyojaa wageni. Anaona mahali pa kukaa hapapo. Anaongeza ua lake, anaendelea na safari yake, na moyoni anahisi amekuja kukuona.

Hisia hiyo ya "nimeshakwenda" ni ya kweli kabisa, na ndiyo inayotuponza. Mimi mwenyewe niliwahi kubishana na ndugu yangu nikiapa kwamba nilimpigia simu alipopoteza kazi yake. Alinifungulia simu yake tukatazama pamoja. Nilikuwa nimemwekea moyo. Moyo mmoja, mwekundu, saa nne usiku. Nilikuwa tayari kula kiapo.

Kwa hiyo, grupu. Mume wako anasema intaneti imeua ujirani, na hayuko peke yake. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake walichapisha utafiti wa kaya 73 za Pittsburgh, Marekani, zilizokuwa zimeingia mtandaoni kwa mara ya kwanza. Kadiri mtu alivyotumia intaneti zaidi, ndivyo mazungumzo yake na watu wa nyumbani yalivyopungua kidogo na upweke ukaongezeka kidogo. Habari hiyo ilienea sana. Iliyoenea kidogo ni kwamba waliwarudia watu walewale baadaye, na ripoti ya 2002 ikasema madhara hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa yametoweka. Katika kundi jipya walilolichunguza, waliofaidika zaidi walikuwa wale wachangamfu na wale ambao tangu mwanzo walikuwa na watu wa kuwaegemea. Mwenye nacho huongezewa. Mwambie mume wako intaneti haikuua kitu hapo kwenu. Imekuza kilichokuwepo, na kama kilikuwa chembamba imekikuza kikiwa chembamba vilevile.

Tena kuna mtaa ninaoupenda sana kuutolea mfano, ulijengwa karibu na Toronto, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1990. Watafiti waliupa jina la Netville. Nyumba nyingi ziliunganishwa na intaneti ya kasi, nyingine hazikubahatika, ingawa zilikuwa mtaa uleule. Keith Hampton alihamia humo akaishi miaka miwili, na yeye na Barry Wellman wakalinganisha. Waliounganishwa waliwajua kwa majina majirani mara tatu zaidi ya wasiounganishwa, walizungumza na watu mara mbili zaidi, na waliwatembelea wengi zaidi pia. Walikuwa na orodha ya barua pepe ya mtaa, yaani bibi yake hilo grupu lako. Waliitumia kualikana, kuulizana, na kuungana kumbana mjenzi aliyewaachia nyumba zenye kasoro. Maandishi yao yalikuwa yanaelekea mahali: saa fulani, nyumba fulani, tukutane.

Yako yanaelekea wapi? Nimesoma orodha yako ya kazi za admini: matangazo, magari, siku za kuzaliwa. Sijaona hata jambo moja linalomtoa mtu ndani ya nyumba. Miaka sita umejenga baraza zuri na ukalisahau lango. Usilifunge. Pia kumbuka kwamba katika watu 164 hamkosi mmoja asiyetoka kitandani au asiyesikia vizuri, ambaye grupu hilo ndilo dirisha lake. Ukilifunga kwa hasira yako, unalifunga na dirisha lake.

Badili matumizi tu. Wewe una kitu ambacho wengine hawana habari nacho: namba 163 za watu wanaoishi hatua chache kutoka kwako. Grupu ni daftari la majina. Ukihitaji kitu, acha kuliambia daftari. Chagua jina moja, piga, omba jambo moja la siku moja. "Naomba uje Jumamosi saa nne unisaidie kutandika kitanda, siwezi kuinama." Hapo hakuna wa kumtupia mwenzake. Kwenye lile jaribio huyo ni msikilizaji aliyebaki peke yake. Na kesho akiumwa mwingine, usiwe wa kwanza kuandika pole. Wafuate watu wawili inboksi, uwape kazi, kisha andika kwenye grupu kwamba fulani anakwenda leo na fulani kesho, Alhamisi hapajapata mtu. Utashangaa Alhamisi inavyogombewa.

Nimefurahi kuhusu Herufi Kubwa, na nimecheka. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walionyesha kwamba anayeandika barua pepe hudhani msomaji ataisikia sauti iliyomo kichwani mwake, kama ni mzaha au si mzaha, kumbe wasomaji walipatia zaidi kidogo tu ya nusu, karibu sawa na kurusha sarafu. Huyu bwana alikuwa anauliza gari ni la nani. Nyinyi mkasikia anapiga kelele. Na miaka yote hiyo hapana aliyemuuliza macho yake yana nini, kwa sababu hapana aliyekuwa karibu kiasi cha kumwona anavyoishika simu. Angalia pia kilichomleta kwako. Pole 97 zilitoka kwenye picha yako. Yeye alitoka kwenye taa. Alipita usiku, akaona giza mahali palipokuwa na mwanga.

Sasa nije kwenye barua yako yenyewe, ile uliyoificha ndani ya hii.

Umeandika aya baada ya aya kuhusu watu 163, ukanieleza hadi stika ya dubu. Rafiki yako wa nyumba ya tatu umempa mistari minne na "nadhani ana shughuli". Mwanangu, mtu haumizwi na watu 163. Hata wote wangekuja, wangesimama kidogo wakaondoka, nawe ungeendelea kutazama dirishani ukimsubiri mmoja. Ningekuwa na wewe hapa ningekuuliza: mara ya mwisho kuisikia sauti yake ni lini? Nina wasiwasi kwamba itabidi ufikirie.

Sijui kwa nini hajaja na sitabuni. Wala wewe usibuni, maana hizo wiki tano umekaa na stuli na magongo ukimtungia sababu, na sababu zinazotungwa na mtu mwenye maumivu huwa hazina huruma. Ninachokiona ni kwamba urafiki wenu ulihamia kwenye vidole, taratibu, bila mtu kuamua. Salamu za asubuhi hazikuwahi kukatika, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba kitu kimekatika. Na yeye pia, fikiria upande wake: kila asubuhi kwa wiki tano anauliza umeamkaje. Wewe unamjibu nini? Nina hofu kwamba unamjibu "salama", na moyo.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison waliwapa wasichana mtihani wa kuwatia kiwewe, wahutubie na wapige hesabu mbele ya watu. Baadaye wengine walikutana na mama zao, wengine walizungumza nao kwa simu, wengine waliandikiana nao ujumbe, na wengine hawakuwasiliana na mtu. Waliosikia sauti ya mama, ana kwa ana au kwa simu, homoni ya msongo wa mawazo ilishuka. Walioandikiana, miili yao ilifanana na ya wale ambao hawakuwasiliana na mtu. Mama alikuwa yuleyule, na upendo wake uleule. Sauti ndiyo iliyokosekana. Nikisoma hapo nakuwaza wewe na ile mioyo ya kila asubuhi: hilo neno lake "mpenzi" ni la kweli, sina shaka, ila mwili wako haukupata kitu cha kushika.

Kwa hiyo mpigie leo. Usimwandikie kwanza kumuuliza kama ana nafasi, utapata jibu la maandishi na mtarudi kulekule. Piga. Utahisi aibu, kama unampigia mgeni. Huyo Epley niliyemtaja alichapisha utafiti mwingine mwaka 2021 pamoja na Amit Kumar: watu walioombwa wamtafute rafiki wa zamani walitarajia simu ingekuwa na aibu kuliko barua pepe, lakini waliopiga waliishia kuhisi wako karibu zaidi, na aibu waliyoiogopa haikuwa kubwa kuliko ya walioandika. Akipokea, usianze na lawama wala usianze na "niko vizuri". Sema ukweli ulioniambia mimi nisiyekujua: "Nimekaa ndani wiki tano, nimekukumbuka, njoo ukae nami leo." Kisha nyamaza umwache aongee. Inawezekana akaja mbio. Inawezekana akakwambia jambo ambalo limempata yeye na ambalo wewe pia hukuwahi kuliuliza. Na inawezekana akasema atakuja, asije. Hapo utakuwa umejua, na utalia mara moja badala ya kila asubuhi.

Dada yako anayesema pole ni pole, mwache. Hajavunjika mguu.

Kiti cha plastiki, plasta ikitoka, usikitume kwa mtu. Kirudishe mwenyewe, hata kama utachechemea, na uketi. Na ukiwa hapo chukua simu yake umwekee maandishi makubwa. Iko kwenye mipangilio, ni kazi ya dakika moja. Ila kamuulize kwanza, maana huenda kelele zake anazipenda.

Niandikie kama rafiki yako alipokea.